Hodi ya Jirani

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Yeremia 29:4–7, Luka 10:25–37, Ufunuo 3:14–22.

Natumaini mmeamka salama, ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, ninyi mlio safarini kwenda kazini, na ninyi wagonjwa ambao redio ndiyo kanisa lenu asubuhi ya leo. Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele za Mungu.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi tunaokaa mijini hulipitia kila siku bila kulifikiri sana. Ni jambo la kukaa jengo moja, kupanda ngazi moja na kungojea maji kwenye mfereji mmoja, pamoja na watu ambao si wa kabila letu wala si wa dini yetu. Na kwa sababu maneno ya jumla hayamchomi mtu, nitasema juu ya mtaa mmoja ninaoufahamu, na juu ya mlango mmoja katika mtaa huo. Mtaa ni Eastleigh hapa Nairobi, ambao wenyeji huuita Islii. Mlango ni wangu.

Mtaa wa Eastleigh ni mzee. Ulianza mwaka wa 1921, siku zile serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwagawa watu wa Nairobi kwa rangi ya ngozi zao. Wazungu walijitengea sehemu za juu zenye hewa nzuri, Waafrika walipelekwa Pumwani, na huku Eastleigh wakakaa hasa Wahindi na Wasomali. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia mtu akisema kwamba Wasomali wa Islii ni watu waliokuja jana, mweleze kwa upole kwamba wengine babu zao walikuwapo kabla babu yake hajaiona Nairobi.

Baada ya Uhuru mwaka wa 1963, Wahindi wengi walihamia mitaa mingine, na Waafrika kutoka pande mbalimbali za nchi wakanunua na kupanga nyumba zao. Kisha mwaka wa 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakaja kwa wingi, na biashara ya mtaa ikabadilika kabisa. Jengo moja la kulala wageni, lililoitwa Garissa Lodge, vyumba vyake viligeuzwa kuwa maduka madogo madogo, na baada ya hilo yakafuata majengo makubwa ya biashara ambayo leo huvuta wanunuzi kutoka kila pembe ya Kenya na hata nchi jirani.

Ukisimama kwenye kona moja ya Islii asubuhi, utaiona dunia nzima ikipita. Maziwa ya ngamia yanateremshwa kutoka basi la Isiolo. Miraa inafika kutoka Meru kwa magari yaendayo mbio. Mama Mkikuyu amepanga sukuma wiki juu ya gunia. Mwethiopia anakaanga kahawa, na harufu yake inafika mpaka ng'ambo ya barabara. Adhana imekwisha kulia kabla ya mapambazuko, na siku ya Jumapili utasikia kwaya tatu zikishindana. Wote hao wananunua na kuuziana, na kwa kawaida hakuna ugomvi. Soko halimwulizi mtu dini yake, bali humwuliza kama ana fedha.

Lakini ndugu zangu, nimejifunza kwamba watu wanaweza kuuziana miaka ishirini bila kuwa majirani. Hapo ndipo penye habari yangu ya leo.

Mimi na mke wangu tulihamia Islii mwaka wa 2010. Tulipanga vyumba viwili katika ghorofa ya pili ya jengo lisilo mbali na Barabara ya Juja. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nikijitayarisha kwa huduma ya ukasisi, na kila mwisho wa juma nilirudi nyumbani. Katika ghorofa ya kwanza, chini yetu kabisa, alikaa mama mmoja Msomali mwenye watoto wawili. Alizaliwa Wajir, na alikuwa na kitambulisho cha Kenya sawa na changu. Kazi yake ilikuwa kuuza maziwa ya ngamia, na asubuhi na mapema ungemwona akipanga madumu yake ya manjano karibu na ngazi.

Tulisalimiana naye kila tulipopishana. Yeye alisema, "Hamjambo?" na sisi tukajibu, "Hatujambo, mama." Tulimwita mama wa maziwa. Basi, huo ndio ulikuwa ujirani wetu kwa miaka miwili. Sikumjua jina lake. Sikujua mume wake yuko wapi, wala kama yu hai. Sikuwahi kukanyaga kizingiti chake, wala yeye changu. Na bado, kama ungeniuliza siku zile, ningekujibu kwa uso mkunjufu kwamba tunaishi vizuri na jirani zetu Waislamu.

Ukafika mwaka wa 2012, mwaka mgumu kwa Nairobi. Siku ya Jumapili, tarehe 30 Septemba, watoto wa shule ya Jumapili katika kanisa letu la Anglikana la Mtakatifu Polikapo, kwenye Barabara ya Juja, walirushiwa bomu la mkono. Mtoto mmoja akafa, na wengine wakajeruhiwa. Wasikilizaji, sitaki mtu yeyote adhani kwamba nalipita jambo hilo kwa haraka. Watoto wale walikuwa wamekwenda kujifunza habari za Yesu. Mwenye kulia juu ya jambo hilo ana haki ya kulia, na mwenye kuona hasira, Mungu anaijua hasira yake. Mimi nami nililia.

Majuma saba baadaye, Jumapili nyingine, tarehe 18 Novemba, matatu ililipuliwa huko huko Eastleigh, na watu wakafa. Hapo moto uliokuwa ukifuka chini chini ukawaka. Siku hiyo na Jumatatu yake vijana walikusanyika kwa makundi wakiwa na mawe na marungu. Maduka ya Wasomali yakavunjwa, na nyumba zao pia. Hakuna aliyeulizwa kama yeye ndiye aliyeweka bomu. Sura yake ilikuwa hati ya mashtaka, na mavazi yake yalikuwa ushahidi.

Jumatatu hiyo nilikuwa bado nyumbani. Tulisikia kelele upande wa barabara, kisha tukasikia lango la jengo letu likigongwa kwa nguvu. Tulifunga mlango, tukasukuma meza nyuma yake, tukaketi sakafuni mimi, mke wangu na mtoto wetu mdogo, ambaye siku hizo alikuwa na kifua. Mara tukasikia miguu ikipanda ngazi mbio, miguu mikubwa na miguu midogo. Ikasimama mbele ya mlango wetu.

"Hodi, mama! Hodi! Tufungulieni!"

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa mama wa maziwa.

Mke wangu akainuka. Alikwisha kushika meza aisogeze, nami nikamshika mkono. Sikusema neno. Nilitikisa kichwa tu. Nilifikiri, wakimkuta humu, watatuua sisi pamoja naye. Nilifikiri juu ya mtoto wetu. Nilifikiri pia jambo jingine, nami nitaliungama hapa mbele yenu, kwa maana Bwana alilijua tangu siku ile. Nilifikiri moyoni, "Hawa watu wamejiletea wenyewe." Mtoto akakohoa, na mke wangu akamziba kinywa kwa kiganja.

Hodi ikapigwa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha miguu ikashuka.

Wasikilizaji wapenzi, nyote mnajua desturi yetu katika nchi hizi. Anayebisha hodi hujibiwa "Karibu," hata kama ndani hakuna kitu ila maji ya kunywa. Siku ile mimi, mwanafunzi wa theolojia, niliyekuwa na Agano Jipya la Kiyunani juu ya meza ile ile niliyofungia mlango, nilipigiwa hodi nisiseme karibu.

Nani basi alimwokoa mama yule? Chini, kando ya lango, palikuwa na chumba kidogo chini ya ngazi, ambamo alikaa bawabu wetu, mzee Mmeru ambaye sikuwahi kumwona kanisani hata siku moja. Mzee yule alimwingiza mama na watoto wake chumbani mwake, akafunga kwa kufuli kwa nje, akaweka kigoda chake mbele ya mlango, akaketi na kikombe cha chai. Lango lilipovunjwa vijana wakaingia na kumwuliza Wasomali wako wapi. Akawaambia wamekwisha kuhama. Wakavunja mlango wa yule mama, wakachukua walichotaka, wakamwaga maziwa uani, wakaenda zao. Mzee hakuinuka kwenye kigoda chake mpaka jioni.

Siku nyingi baadaye nilimwuliza kwa nini alijitia hatarini namna ile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema, "Niliandikwa kazi ya kulinda nyumba. Nyumba ni watu."

Sasa tufungue Luka sura ya 10. Mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu swali juu ya mipaka. Alitaka kujua jirani yake ni nani, ili ajue wajibu wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Ni swali la mtu mwenye kamba ya kupimia shamba. Bwana wetu hakumpa mpaka. Alimsimulia habari za mtu aliyeachwa nusu mfu kando ya njia ya kushuka Yeriko, na watu watatu waliopita hapo. Kisha akaligeuza swali lenyewe. Hakuuliza ni nani aliyestahili kusaidiwa. Aliuliza ni yupi kati ya wale watatu aliyejifanya jirani.

Mnakumbuka kwamba wawili wa kwanza walikuwa kuhani na Mlawi, watu wa hekalu. Nimehubiri habari hii mara nyingi, na siku za kwanza nilikuwa nikimsimanga kuhani yule kana kwamba simjui. Sasa namjua vizuri. Hakuwa mtu mkatili. Aliogopa. Pengine naye alikuwa na mtoto nyumbani. Njia ile ilikuwa na wanyang'anyi, na mwenye kusimama angeweza kupigwa naye. Hoja zake zote zilikuwa na akili. Kasoro moja tu: mtu alikuwa akifa.

Naye aliyesimama alikuwa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi wa siku zile hawakutaka kushirikiana naye katika chombo kimoja. Mwanasheria alipotakiwa kujibu, hata neno "Msamaria" halikumtoka kinywani. Alimtaja kwa tendo lake tu, kwamba ni yule aliyeonyesha huruma. Ndugu zangu, ni vigumu sana kuwataja kwa wema watu tuliozoea kuwataja kwa ubaya.

Wapo watakaosema, "Mchungaji, hayo ni maneno ya Biblia, lakini je, wao wangetufanyia sisi hivyo?" Swali hilo limejibiwa hapa hapa Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuja Nairobi lilisimamishwa na wauaji, na abiria wasio Waislamu 28 wakatengwa na kuuawa. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Desemba 2015, basi jingine lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji wakaamuru tena abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo vitambaa vyao vya kujifunika kichwa. Mmoja wa waliokataa alikuwa mwalimu Mwislamu aitwaye Salah Farah. Alipigwa risasi, naye akafa kwa majeraha hayo mwezi wa Januari 2016.

Niliposikia habari hizo niliketi kitandani muda mrefu. Mwalimu yule alikuwa amepigiwa hodi na watu wa dini yangu, akafungua, na kufungua kukamgharimu uhai wake. Mimi nilipigiwa hodi na mtu wa dini yake.

Lakini sijamaliza habari ya mama wa maziwa. Hakuhama. Alinunua madumu mengine, akaanza upya. Nami nikamaliza masomo, nikapewa ukasisi, nikaendelea kukaa katika jengo lile lile, nikipishana naye kwenye ngazi. "Hujambo, Pasta?" "Sijambo, mama." Nilikuwa nikijibu huku natazama viatu vyangu. Nilijifariji kwamba pengine hakujua tulikuwa ndani. Nilikaa hivyo miaka karibu minane, nikiwapa watu Meza ya Bwana kila Jumapili, wala sikuweza kumtazama jirani yangu usoni.

Mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Makanisa na misikiti ikafungwa. Mwezi wa Mei serikali ikazuia watu kuingia wala kutoka Eastleigh, na zuio hilo likaendelea mpaka mwezi wa Juni. Ulikuwa pia mwezi wa Ramadhani. Jioni moja, adhana ya magharibi ilipokwisha kulia, tukasikia hodi. Binti yetu, ambaye sasa alikuwa msichana wa kutumwa, akakimbia akafungua kabla sijasema neno. Mbele ya mlango alisimama mtoto wa yule mama, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Mlikuwa na sambusa na tende. Akasema, "Mama amesema tuwaletee futari, kwa sababu Pasta hana kanisa siku hizi, labda hamna kitu."

Na kweli, wasikilizaji, siku hiyo hatukuwa na kitu kikubwa.

Kwa desturi, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mke wangu akatia mandazi, akanipa mimi niipeleke. Alijua alilokuwa akifanya. Nilishuka ngazi zile, nazo zilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nikabisha hodi. Kutoka ndani nikajibiwa, "Karibu."

Nikasimama pale pale mlangoni na kumwambia, "Mama, ule mwaka wa 2012, ulipobisha kwangu, nilikuwa ndani."

Akasema, "Najua, Pasta. Nilimsikia mtoto akikohoa."

Nikanyamaza. Akaipokea sahani, akaiweka. Kisha akasema polepole, bila ukali, "Siku ile wewe uliogopa, na mimi niliogopa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nje."

Ndugu msikilizaji, nimesoma vitabu vingi juu ya dhambi na toba. Hakuna hata kimoja kilichonihubiria kama maneno hayo. Nilimwomba anisamehe. Hakunijibu upesi. Alisema kwanza kwamba mdogo kati ya watoto wake hata leo husituka akisikia lango likigongwa, na kwamba alikuwa akingoja nije mwenyewe niyaseme. Ndipo akasema, "Mungu atusamehe sote." Nami, baada ya miaka kumi ya kukaa juu ya dari yake, nikamwuliza jina lake. Akaniambia. Sitalitaja redioni, maana ni lake, lakini nyumbani kwetu halina mapumziko. Tunalitaja katika sala kila jioni.

Sasa mwaniruhusu niseme maneno machache ya kututengeneza.

Kwanza, mlango unaofunguka siku ya hatari ni ule uliozoea kufunguka siku za kawaida. Mimi sikuanza kumfungia jirani yangu mwezi wa Novemba 2012. Nilikuwa nimemfungia miaka miwili, kwa kutomwuliza hata jina. Bawabu yule alimfungulia kwa sababu kila asubuhi alikunywa chai kwa maziwa ya yule mama, na watoto wake walicheza kwenye kigoda chake. Basi leo, kabla jua halijatua, jiulize: yule wa mlango wa pili naitwa naye nani, na yeye aitwa nani? Akifiwa, je, utakwenda kuketi naye? Akijifungua mke wake, je, utapeleka uji? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu zako wako mashambani, mwendo wa siku nzima. Usiku mtoto akishikwa na homa, wa kukusaidia ni yule wa ng'ambo ya ukuta.

Pili, tuchunge ndimi zetu. Neno "hawa watu" ni neno dogo, lakini linabeba mawe ndani yake. Vijana wale waliovunja lango hawakuzaliwa na mawe mikononi. Walisikia maneno mezani nyumbani kwao, na wengine, nasikitika kusema, waliyasikia hata uani kanisani baada ya ibada. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alifundisha kwamba kila mtu atachukua mzigo wa dhambi yake mwenyewe, hata baba na mwana hawachukuliani. Mwenye kurusha bomu ana jina, na serikali ina mahakama. Tumwombee hakimu ahukumu kwa haki. Lakini muuza maziwa asilipishwe deni la mtu asiyemjua.

Tatu, wapo wanaouliza kama ujirani wa namna hii si kuchanganya dini. La, sivyo. Mama yule anajua kabisa kwamba mimi ni mtumishi wa Yesu Kristo, nami najua kwamba yeye ni Mwislamu wa kweli. Hatujifichi. Tena nawaambieni, miaka ile minane sikuwa na ushuhuda wowote wa kumpa. Ningemwambia nini juu ya Mwokozi aliyeacha enzi yake akaja kwetu, hali mimi nilishindwa kusogeza meza?

Yeremia aliwaandikia barua Wayahudi waliohamishwa kwenda Babeli, mji wa wageni, wenye miungu na lugha nyingine. Pengine walitazamia awaambie wajitenge, wangojee siku ya kurudi. Badala yake aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wawaoze watoto wao, na wautakie mji ule mema na kuuombea, kwa kuwa amani yao wenyewe ilifungwa pamoja na amani ya mji. Kama hayo yalipasa huko Babeli, itakuwaje kwetu Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu, ambako tunakaa na raia wenzetu wa nchi moja?

Mwisho, tusome Ufunuo sura ya 3. Tumezoea kutumia habari ile ya Bwana anayesimama mlangoni na kubisha tunapowahubiria watu wasiookoka. Lakini barua ile ilipelekwa kwa kanisa, kanisa la Laodikia, lililojiona tajiri lisilohitaji kitu. Waumini wako ndani, wameridhika na mambo yao. Bwana wao yuko nje, anabisha hodi.

Mara nyingi nimejiuliza ni nani aliyesimama kwenye ngazi zetu Jumatatu ile, pamoja na mama mmoja na watoto wawili. Nanyi mnajua jibu langu.

Labda wewe unayenisikiliza una mlango uliofunga. Labda ni juu ya Mwislamu, au Mluo, au Mkikuyu, au mkimbizi aliyepanga chumba cha nyuma, au jamaa wa dhehebu jingine. Labda imekwisha kupita miaka, na unajifariji kwamba hakujua ulikuwa ndani. Ndugu yangu, alisikia ukikohoa. Usingoje miaka minane kama mimi. Chukua sahani, tia ulicho nacho, shuka ngazi.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu sote, uliyeyafanya mataifa yote kutoka asili moja, utusamehe kwa milango tuliyoifunga na kwa majina tusiyojali kuyauliza. Uwafariji wazazi waliopoteza watoto wao kwa mikono ya wauaji, na wote waliopigwa kwa kosa lisilo lao. Uibariki mitaa yetu, wanaouza na wanaonunua, wanaosali kwako Ijumaa na wanaosali kwako Jumapili. Siku ya hofu itakapokuja, utupe nguvu ya kuinuka sakafuni na kusogeza meza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekuja kwetu tulipokuwa mbali. Amina.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote, nanyi mwe na siku njema. Kwaherini.